Kinyozi Hajinyoi

Ndugu walimu, nalifundisha hesabu miaka 15, nami nalijiona fundi. Kisha shuleni kwetu tukaiga desturi ya walimu wa Japani: somo hutengenezwa na wote, mmoja hulifundisha, na wenziwe huketi nyuma kuwatazama watoto, wala si kumhukumu mwalimu.

Zamu yangu ilipokwisha, mwalimu kijana akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, yule binti wa dirishani alifumbua kinywa mara tatu, kila mara ukamwita mwingine." Naliona haya, maana katika taarifa kwa wazazi wake naliandika, "Mzito wa akili."

Mwaka 1974 Mary Budd Rowe wa Marekani aliandika ya kuwa mwalimu akiisha kuuliza, kwa kawaida hungoja kama sekunde 1 tu. Akingoja 3 au zaidi, majibu hurefuka, na watoto wanaokosa kujibu hupungua. Basi siku ya pili nikauliza, nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Binti akajibu, tena sawasawa.

Lile neno nikalifuta. Mzito nalikuwa mimi. Ndugu zangu, kinyozi hajinyoi. Tuwafungulie wenzetu milango ya madarasa yetu.