Kiungo ni cha Nani?

Swali lenyewe ni dogo, na ukiliuliza dukani muuzaji anaweza kucheka. Nikinunua mikanda mitatu ya saa janja leo, halafu mwakani nikabadilisha saa, mikanda hii itaingia? Jibu utakalopewa ni "itaingia tu dada, hizi zote sawa." Mimi ni mwandishi wa habari, majibu ya namna hiyo nimeshapewa na watu wenye vyeo vikubwa zaidi ya muuza saa, kwa hiyo nikaanza kulifuatilia. Nimelifuatilia hapa hapa Morogoro, kati ya meza ya fundi saa mjini na nyumbani kwa mama yangu Mgeta, kwa sababu kwetu swali hili lilishaacha kuwa la urembo.

Tuanze na namna mkanda unavyoshika saa. Saa ya mkono ya kawaida ina mapembe manne, mawili juu na mawili chini. Kati ya kila jozi hupita pini nyembamba yenye springi ndani: ukiibonyeza inajikunja, ukiiachia inajitanua na kuingia kwenye vitundu viwili. Mkanda unapita juu ya pini hiyo, basi. Kinachohitajika ni upana kulingana, na kwa saa nyingi upana huo ni milimita 18, 20 au 22. Hakuna kampuni inayomiliki milimita 20. Kiwanda chochote, fundi yeyote, hata mama anayeshona shanga kibarazani, anaweza kutengeneza mkanda wa upana huo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Fundi ninayemfahamu ana meza ya kioo jirani na Soko Kuu, na juu yake kopo la maziwa ya unga lililojaa pini za kila urefu. Niliwahi kumpelekea Seiko 5 ya marehemu babu. Akaweka rula, akasoma 18, akachomoa mkanda wa ngozi kutoka kwenye rundo, akapachika pini mbili. Haikuchukua dakika tano. Saa ilitengenezwa kabla sijazaliwa, mkanda umetoka kiwandani juzi juzi, havijawahi kuonana, na vimekubaliana bila msuluhishi.

Sasa saa ya mama. Anaishi upande ule wa Uluguru ambako kwenda kanisani ni kupanda, kurudi ni kushuka, na shamba la njegere limesimama ukutani kama picha. Daktari alimwambia asikate mlima kwa kasi aliyoizoea, aangalie mapigo ya moyo, yakizidi namba waliyokubaliana akae chini apumzike. Mimi na wadogo zangu tukachanga, tukamnunulia saa janja. Hatukumchagulia ya bei mbaya wala ya bei kubwa. Aliipenda kuliko tulivyotarajia. Aliipa jina, Mnoko, kwa sababu haimwachi afanye anavyotaka. Ukimpigia simu jioni anakwambia: "Leo Mnoko kanikalisha mara mbili njiani, mwanangu. Mara ya pili nikamkuta jirani naye kakaa, tukapiga soga."

Baada ya masika mawili mkanda ukachanika, pale pale mpira unapoingia kwenye saa. Nikaipeleka kwa fundi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Leo umeleta kitu cha kisasa."

Akaigeuza, akaichungulia kwa miwani yake ya jicho moja. Haikuwa na mapembe wala pini. Mkanda wake ulikuwa na kichwa cha umbo la peke yake, kinachoteleza ndani ya mfereji wa umbo la peke yake. Akasogeza kopo la pini pembeni.

"Saa nzima hii, binti. Mkanda ndo umekufa."

Nikaulizia mpaka Kariakoo. Jibu nililopata ni kwamba mikanda ya aina ile haiji tena. Kampuni iliyoitengeneza ilishatoa matoleo mapya, na mfereji wa matoleo mapya ni mwingine. Betri ilikuwa bado inakaa na chaji, kioo hakina mkwaruzo, taa ya kijani ya kusomea mapigo inawaka. Kila kitu kizima isipokuwa kipande cha mpira, na kwa sababu ya kipande hicho mama akarudi kupanda mlima kwa kukisia.

Kwa saa zinazouzwa sana duniani, viwanda vya China hutengeneza vipande vidogo vya kuunganishia, upande mmoja umbo la kampuni, upande wa pili pini ya kawaida. Ya mama haikuwa maarufu kiasi hicho. Aliyetuokoa ni fundi viatu wa Mji Mpya. Alishona kifuko cha ngozi chenye dirisha mgongoni, maana ile taa ya kijani husoma damu inavyopita chini ya ngozi ya mtu na isipogusa mkono haisomi kitu. Kifuko cha kwanza kilicheza, mapigo yakawa yanaruka kama mbuzi. Cha pili akakitia lastiki. Mama akikaa chini kinasoma vizuri, akilima, kinakatakata. Ni nusu ya kile alichokuwa nacho.

Hivi kulikuwa na namna ya kujua mapema? Rekodi za kampuni kubwa zipo wazi, na zinasema mambo mawili yanayopingana.

Chukua Apple. Saa yao ya kwanza iliingia sokoni Aprili 2015 ikiwa na mfereji wao wenyewe, hakuna pini ya mtaani. Ungedhani wangeubadilisha kila miaka miwili ili wauze mikanda upya. Hawakufanya hivyo. Mkanda wa saa ndogo ya 2015, ile ya milimita 38, uliingia kwenye ya 40 na ya 41. Wa saa kubwa ya 42 ukaingia kwenye ya 44, ya 45, na hata kwenye Ultra ya 2022 yenye milimita 49. Kizunguzungu kilikuja 2024 kwenye Series 10: saa ndogo ikawa milimita 42, namba ile ile ya saa kubwa ya zamani, lakini inapokea mikanda ya kundi la saa ndogo. Anayenunua mtumba kwa kusoma namba tu hapo anaumia, ingawa mfereji wenyewe umedumu.

Samsung walienda njia nyingine. Galaxy Watch4 ya 2021, na zilizofuata mpaka Watch7 ya 2024, zilichukua mikanda ya milimita 20, ile ile ya kwenye rundo la fundi wangu. Halafu mwaka huo huo wa 2024 Galaxy Watch Ultra ikaja na kiungo kipya cha kampuni, na 2025 Watch8 ikakifuata. Xiaomi nao, bangili zao zilizoenea kwa bei nafuu zilikuwa kidude kinachosukumwa ndani ya mpira, mpaka ya saba. Ya nane, mwaka 2023, ikaja na kiungo tofauti. Aliyekuwa na mikanda mitano ya rangi za sare zote za harusi, alibaki nayo.

Nisiwaonee wahandisi. Saa janja inatakiwa kukumbatia mkono kuliko saa ya babu, la sivyo haisomi. Tumeliona kwenye kifuko cha ngozi. Kiungo kipya kinaweza kweli kuikalisha saa vizuri zaidi. Na mfano wa Apple unaonyesha kwamba mwenye kiungo chake binafsi anaweza kukitunza miaka kumi. Ila angalia neno nililotumia: anaweza. Alifanya hivyo kwa sababu alitaka. Siku asipotaka, hakuna barua utakayoandika. Kiungo cha mwenyewe kinachodumu ni hisani. Kiungo cha wote kinachodumu ni haki. Vyote viwili vinaweza kukupa mkanda unaoingia, lakini kwenye kimoja wewe ni mgeni.

Mkoa wetu una somo la zamani la milimita. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, upana wake milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 70, inakatiza kusini mwa mkoa huu huu ikiwa na milimita 1,067. Na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024 inakanyaga milimita 1,435. Mkoa mmoja, reli tatu zisizoingiliana. Nenda Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa linakutana na TAZARA. Mwaka 1998 pakawekwa kituo cha kuhamishia mizigo, kwa sababu behewa la huku haliwezi kuingia kule. Tofauti ni milimita 67, urefu wa kidole cha mtu, na kwa ajili ya kidole hicho kontena zima linanyanyuliwa.

Lakini TAZARA haikupewa upana wake kwa bahati mbaya. Ndio upana wa reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, na TAZARA ilijengwa ishikane na huko. Kwa hiyo kila kiungo kinatamka mtengenezaji alitaka kushikana na nani. Saa yenye pini ya milimita 20 imekubali kushikana na mafundi wote wa mitaani. Saa yenye mfereji wa peke yake imetaka kushikana na duka moja.

Viungo vya binafsi hugeuka vya wote kwa njia mbili nilizowahi kuziona. Ya kwanza ni ya mtaa. Wenye umri wangu mnakumbuka kila simu na chaja yake: pini nene, pini nyembamba, meno mapana, na jirani mwenye simu kama yako alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mtaa ukajibu kwa chaja ya kobe, inayobana betri yenyewe kwa meno yake na haiulizi jina la kampuni. Kifuko cha fundi viatu ni kobe wa saa ya mama. Njia ya pili ni sheria. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko zitumie tundu la chaji la aina moja, USB-C; Apple, waliokuwa na tundu lao, waliliacha kwenye iPhone 15 ya Septemba 2023. Sheria ya Ulaya ikatunufaisha hata sisi wa Msamvu. Saa janja hazimo kwenye orodha ya sheria ile, na kuhusu mikanda sijaona bunge lolote likikaa.

Wasomaji wa blogu hii mnaishi ndani ya mfano mzuri kuliko yote. Kiswahili kilichukua kitabu kutoka Kiarabu, kikaona mwanzo wake unafanana na kiungo chetu, kikasema vitabu bila kumwomba mtu ruhusa. Madereva wakasoma kibao cha Kiingereza kinachowaamuru wakae kushoto, kesho yake mji ukawa na kipilefti, na miji miwili ikawa na vipilefti. Neno geni linaingia kwa sababu ki- na vi- hazina mwenyewe. Laiti zingekuwa na kampuni, tungekuwa bado tunasubiri toleo linaloruhusu wingi.

Kwa hiyo ukisimama dukani usiulize kama mkanda utaingia kwenye saa ya mwakani. Muuzaji hajui, na aliyeko kiwandani hajakuahidi. Igeuze saa. Kama ina mapembe na pini, pima, andika namba, nunua mikanda kwa amani. Kama ina mfereji wake, uliza kampuni imeubadilisha mara ngapi tangu ianze, kama viwanda vingine vinatengeneza vipande vya kuunganishia, na nunua mkanda wa akiba siku hiyo hiyo, maana hiyo ndiyo siku pekee ambayo una uhakika nao.

Fundi wangu hahitaji ushauri huo. Mikanda ya 18, 20 na 22 anaagiza kwa mafungu, anajua isipotoka mwaka huu itatoka mwakani. Ya mifereji haagizi hata mmoja. Nilimuuliza kama haogopi kupitwa na wakati, vijana wote sasa wanavaa saa janja. Alifunika kopo lake.

"Wakati haunisumbui, binti. Mimi naogopa kununua mzigo ambao mtu mwingine anaweza kuufanya takataka akiwa kalala kwake."