Bustani Kubwa ya New York na Watu Waliokaa Pale Kwanza

Mtu akitazama picha ya mji wa New York iliyopigwa kutoka angani, huona jambo la kushangaza. Kisiwa cha Manhattan ni kirefu na chembamba, na nyumba za ghorofa zimesongamana juu yake kama punje za mahindi katika gunzi. Kisha ghafula, katikati kabisa, pana nafasi ndefu ya kijani kibichi, yenye pembe nne zilizonyoka kana kwamba fundi alizipima kwa kamba. Hiyo ndiyo bustani iitwayo Central Park. Urefu wake ni kilometa 4 na upana wake unapita kidogo mita 800, jumla hektari 341. Katika nchi ile ambapo watu huuza na kununua hata hewa iliyo juu ya paa la nyumba, hektari hizo zote hazina mwenyewe mmoja: ni mali ya watu wote. Tajiri hutembea humo, na mfagiaji wa barabara hutembea humo, wala hakuna anayedaiwa senti mlangoni.

Tuingie basi kwa upande wa magharibi, penye Barabara ya 85. Mara tunakutana na miamba mikubwa ya kijivu, miti iliyozeeka, vilima na vijia vinavyopinda. Mgeni husema moyoni: watu hawa walikuwa na busara, walijenga mji wao wakaacha kipande cha msitu wa zamani. Kumbe sivyo ilivyokuwa. Isipokuwa miamba, karibu kila kitu tunachokiona kilitengenezwa kwa mikono. Maziwa yalichimbwa, udongo ulichukuliwa kwa magari ya farasi, miti ilipandwa kwa hesabu. Na kabla ya kazi hiyo yote, ardhi yenyewe ilinunuliwa na serikali ya mji, kiwanja kwa kiwanja, kwa fedha za watu. Habari ya ununuzi huo ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo, kwa sababu miji yetu nayo inakua upesi, na neno la ardhi ya watu wote litatufikia sisi pia, kama halijatufikia tayari.

Katika mwaka 1850 New York ilikuwa na watu zaidi ya 500.000. Nyumba nyingi zilikuwa kusini mwa kisiwa, zimebanana, na magonjwa yalipita kutoka mlango hadi mlango. Mahali pa kupumzikia palikuwa pachache mno, hata familia nyingi siku ya mapumziko zilivuka maji kwenda kutembea katika makaburi makubwa ya Brooklyn, kwa kuwa huko angalau palikuwa na majani na kivuli. Jambo hili linachekesha na kuhuzunisha pamoja: walio hai kuomba nafasi kwa wafu! Tangu mwaka 1844 mwandishi wa gazeti aitwaye William Cullen Bryant alikuwa akisisitiza kwamba mji ujipatie bustani kabla ardhi haijakwisha. Wengine waliunga mkono kwa sababu nyingine: wafanya biashara waliona haya kwamba London na Paris zina bustani nzuri na mji wao hauna, na wenye viwanja walijua kwamba nyumba inayotazama bustani hupata bei kubwa.

Mahali pa kwanza palipofikiriwa hapakuwa hapa. Palikuwa msitu mzuri kando ya mto upande wa mashariki, uitwao Jones's Wood, mali ya familia tajiri. Familia hizo hazikutaka kuuza. Zilikwenda mahakamani, zikawa na mawakili hodari, na mwishowe mpango ule ukaanguka. Tunaomba wasomaji walishike neno hilo, maana tutalirudia.

Mnamo Julai 1853 Bunge la jimbo la New York liliupa mji ruhusa ya kuchukua nchi ya katikati ya kisiwa. Ilikuwa nchi ya mawe na mabwawa, ngumu kujengea, na kwa ajili hiyo bei yake haikuwa kubwa. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba huko hakuna watu wa maana, ila wavamizi wenye vibanda vya mbao, nguruwe na mbuzi. Maneno mengine waliyotumia juu ya watu weusi waliokaa huko hatutayaandika katika ukurasa huu.

Sasa tusimame kidogo hapa hapa tulipoingia, kati ya Barabara ya 82 na ya 89. Ardhi hii ilikuwa na kijiji, na jina lake Seneca Village. Katika Septemba 1825 kijana mweusi wa miaka 25, Andrew Williams, ambaye kazi yake ilikuwa kung'arisha viatu, alinunua hapa viwanja vitatu kwa dola 125. Utumwa ulikuwa haujafutwa kabisa katika jimbo la New York. Ulifutwa tarehe 4 Julai 1827. Siku zile zile Epiphany Davis alinunua viwanja kumi na viwili kwa dola 578, na kanisa la Wamethodisti weusi liitwalo Zion likanunua viwanja vingine. Ndivyo kijiji kilivyoanza, nao hawakuvamia mahali: walikuwa na hati mkononi.

Kwa nini walitamani sana ardhi ya mawe, mbali na mji? Kwanza, kule mjini walidharauliwa, na kodi ya vyumba vibovu ilikuwa kubwa. Pili, kulikuwa na jambo la kura. Sheria ya jimbo ya mwaka 1821 ilisema kwamba mwanamume mweusi hawezi kupiga kura asipokuwa na mali ya ardhi yenye thamani ya dola 250, na kukaa miaka mitatu mahali. Baadaye kidogo wanaume weupe hawakudaiwa sharti lolote la mali. Kiwanja basi hakikuwa shamba la viazi tu. Kwa mtu mweusi kilikuwa mlango wa kuingia katika baraza la raia. Mwaka 1845 watu weusi wenye haki ya kura katika mji mzima walikuwa kama 100 hivi, na 10 kati yao walikaa katika kijiji hiki kidogo.

Kufika mwaka 1855 kijiji kilikuwa na watu karibu 225. Theluthi mbili walikuwa weusi. Waliosalia wengi wao walikuwa Waairlandi, watu waliokimbia njaa iliyoanza kwao mwaka 1845, na Wajerumani wachache. Karibu nusu ya watu weusi wa hapa walimiliki nyumba au kiwanja, jambo ambalo katika sehemu nyingine za mji lilikuwa adimu hata kwa weupe. Kulikuwa na makanisa matatu, shule ya watoto na makaburi. Katika kanisa moja, la Kiepiskopali, liitwalo All Angels', weusi na weupe walisali pamoja na kuzikwa katika udongo mmoja. Wakati ule, katika nchi ile, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Turudi kwenye fedha. Mahakama iliweka watu watano wa kukadiria bei. Kazi yao ilikuwa kupita viwanja karibu 7.500, kuandika kila kimoja kina mwenyewe gani na thamani gani, na pia kukadiria faida watakayopata wenye viwanja vya jirani. Maana mpango ulikuwa hivi: wale ambao ardhi yao itapanda bei kwa sababu ya bustani walitozwa sehemu ya gharama. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa wazo la haki, na miji mingi ya leo ingefaa kuliangalia. Hesabu ilipothibitishwa mahakamani katika Februari 1856, ilikuwa imepita dola milioni 5. Karibu theluthi moja ilitozwa majirani, na nyingine mji uliikopa kwa kuuza hati za deni, zilipwe polepole kwa kodi ya wote. Ili tujue ukubwa wa fedha hizo, tukumbuke kwamba mwaka 1867 Marekani iliilipa Urusi dola milioni 7,2 kwa nchi nzima ya Alaska.

Madiwani wengine waliingiwa na hofu. Mwaka 1855 baraza lilipiga kura bustani ikatwe upande wa kusini na ubavuni ili kupunguza gharama. Meya Fernando Wood, mtu ambaye historia haimsifu kwa mengi, alikataa kutia sahihi, na bustani ikapona.

Na Andrew Williams? Wakati huo alikuwa mtu wa makamo, na nyumba yake ilisimama juu ya vile viwanja vitatu. Aliandika kulalamika kwamba mali yake ina thamani ya dola 3.500. Alipewa 2.335. Mtu atasema: alinunua kwa dola 125, amefaidi sana. Lakini hesabu ya namna hii huacha mambo mengi nje. Fedha zile ni bei ya mawe na mbao. Majirani wa miaka thelathini hawakuandikwa, wala kanisa la karibu, wala shule ya watoto, wala ile kura. Tena mtu mweusi akiwa na dola 2.335 mkononi hakuweza kwenda kununua popote alipopenda. Na wapangaji, wasio na hati, hawakupata hata senti. Wale matajiri wa Jones's Wood walisema hapana, ikawa hapana. Hawa walisema hapana kwa barua nzuri, na barua zikawekwa katika kabati.

Katika nchi yote iliyochukuliwa watu kama 1.600 walihama, weusi, Waairlandi na Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka 1857 hakubaki mtu. Wakaaji wa Seneca Village walitawanyika huku na huku, wala kijiji hakikujengwa upya mahali pengine.

Tukienda mbele kuelekea kaskazini, karibu na Barabara ya 105, wasomaji wetu Wakatoliki watapenda kusimama. Hapo tangu mwaka 1847 palikuwa na nyumba ya watawa Masista wa Charity, wafuasi wa Mama Elizabeth Ann Seton, mzaliwa wa New York, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1975. Walipaita Mount Saint Vincent, nao walifundisha hapo wasichana. Wao pia walipoteza mahali pao kwa ajili ya bustani. Lakini jamii ya watawa ina mkono unaoshikana: walinunua shamba kubwa kando ya mto Hudson, wakahamisha shule yao, na kazi yao ikaendelea huko. Vita vya wao kwa wao vilipowaka, majengo ya zamani yaligeuzwa hospitali ya askari, na Masista walirudi mwaka 1862 kuwauguza majeruhi chini ya paa walilokuwa wamenyang'anywa. Moto uliteketeza majengo hayo mwaka 1881.

Bustani yenyewe ilichorwa na mabwana wawili, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioshinda mashindano ya mwaka 1858. Sifa zao zimeandikwa mahali pengi, hatuna haja ya kuzirudia. Mtu akitaka kuzijua, atazame namna barabara nne za magari zilivyopitishwa chini, katika mifereji, ili atembeaye juu asizione. Katika miaka ya kwanza maskini hawakuonekana sana humo: makao yao yalikuwa mbali, nauli iliwashinda, na sheria zilikataza kukanyaga majani. Wenye ardhi ya jirani hawakungoja. Katika mitaa mitatu inayoizunguka, thamani ya mali ilitoka dola milioni 26 mwaka 1856 hadi milioni 236 mwaka 1873, na mji ukakusanya kodi juu ya ongezeko hilo. Basi yule aliyesema kwamba bustani ni fedha iliyotupwa alikosea hesabu. Sisi hatuna shaka kwamba mji ulifanya vema kununua. Watoto mamilioni wamekimbia juu ya majani haya ambao wasingekuwa na mahali ila ngazi za nyumba. Tunachouliza ni kwa nini mlima wa faida ulipanda upande mmoja, na waliotoa makao yao hawakupewa hata kilima.

Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyewataja. Mwaka 1871 wafanyakazi waking'oa miti hapa penye lango la Barabara ya 85 walikuta majeneza. Moja lilikuwa na kibao chenye jina la msichana wa miaka 16, aliyefariki Februari 1852. Watu walishangaa yametoka wapi, na miaka ilikuwa haijafika hata kumi na tano! Ni katika mwisho wa karne ya ishirini ndipo wanahistoria walipofungua tena vitabu vya makanisa, hesabu za watu na ramani za wale wakadiriaji, na kuvisoma jina kwa jina. Mwaka 2001 kibao cha ukumbusho kilisimamishwa.

Kisha, katika majira ya joto ya mwaka 2011, wachimbuaji wa mambo ya kale walipewa ruhusa ya kufukua. Walifuata ramani mpaka msingi wa nyumba ya William Wilson, mtunzaji wa kanisa la All Angels', aliyekaa hapo na mkewe na watoto wao. Chini ya majani waliona mawe ya msingi yamepangwa vizuri, birika la chuma la chai, vipande vya sahani za udongo mweupe, na kiatu kidogo cha ngozi cha mtoto. Walivipima, wakavipiga picha, wakavitia katika mifuko pamoja na vingine vingi. Mawe ya msingi waliyaacha palepale, wakayafunika kwa udongo, na watunza bustani wakapanda majani juu yake.