Tembo wa Afrikahaus

Miaka ya tisini, nilipokuwa nasoma Hamburg, Watanzania wengi tuliofika kule tulipokewa na mzee mmoja wa Tanga, baharia mstaafu aliyehamia huko zamani. Yeye ndiye aliyenipeleka Große Reichenstraße, si mbali na bandari. "Twende, mwanangu," aliniambia, "ukaione nyumba zilikotoka meli za utotoni mwangu."

Nyumba hiyo ni Afrikahaus. Ilijengwa kati ya mwaka 1899 na 1900 kwa ajili ya Woermann, ukoo wa wafanyabiashara waliotajirika kwa mafuta ya mawese na pombe kali katika Afrika Magharibi. Aliyeisanifu ni Martin Haller, mmoja wa wasanifu wa jumba la baraza la mji wa Hamburg. Humo ndimo zilimokuwa ofisi za meli za Woermann na za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, ambayo meli zake zilitia nanga Tanga, Unguja na Dar es Salaam.

Ukuta wa mbele uling'aa kwa vigae vya rangi za bendera ya kampuni ya Woermann: buluu, nyeupe na kijani. Mlangoni alisimama mpiganaji wa Kiafrika wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Walter Sintenis. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Fundi alikuwa hodari kwelikweli, lakini mtu yule hakuwa na jina wala kwao.

Tukapita ndani hadi uani. Kuta za ua zilivikwa vigae vyeupe, na sababu yake niliielewa palepale: majira ya baridi Hamburg huanza kuingia giza saa kumi alasiri, na weupe ule huisukuma nuru kidogo iliyopo mpaka madirishani, karani aone daftari lake. Kwenye mlango wa jengo la nyuma walisimama tembo wawili wa chuma, mmoja kila upande. Nilisogea karibu nikaziangalia pembe zao, nikakumbuka kwamba pembe halisi zilifika pwani yetu mabegani mwa wapagazi, safari ya miezi kutoka bara.

Mzee alikuwa akiwaza yake. Alianza kutaja meli za kampuni zile mbili za baada ya Vita ya Kwanza: Usaramo, Usambara, Wangoni, Ubena, Watussi. Makabila yetu na nchi zetu, zimeandikwa ubavuni mwa meli za watu. Alipokuwa mtoto Tanga aliziona zikisimama ghubani, matishari yakienda na kurudi, na makuli wakihangaika na robota za mkonge tangu alfajiri. Baba yake alikuwa mmoja wao. "Jina la Wangoni waliliweka kwenye meli," alisema, "la baba yangu hawakuliandika popote."

Maneno yale yalinifungua macho kuliko darasa lolote. Jumba zima limepambwa kwa Afrika, lakini ni Afrika ya wanyama na mkuki. Mpagazi hayumo, kuli hayumo. Hawamo pia Waherero na Wanama wa Namibia, ambao askari wa kuwaangamiza kuanzia mwaka 1904 walisafirishwa kwa meli za Woermann.

Sisemi tembo wale waondolewe. Ni kazi nzuri, na jengo linastahili kuhifadhiwa, kwa kuwa linaonyesha waziwazi jinsi wenye kampuni walivyotaka kuiona Afrika. Ninachotaka ni kwamba kila anayeingia pale asomewe habari nzima: kwamba fedha zilizolipia vigae na chuma kile zilitokana na jasho la wachukuzi wa bandari za Afrika, na kwamba wachukuzi wale walikuwa na majina, watoto na miji yao. Vijana wetu wanaosomea usanifu na historia wakifika Hamburg, waanzie pale.