Kochi la mbao, paka na bi harusi



Sisi tunashona mito na mapazia hapa Bagamoyo, na msimu wa harusi ukifika swali linalotujia sana si la shela wala la hina. Bi harusi anasema: nimemlea paka wangu tangu akiwa kitoto, bwana mtarajiwa hana neno naye, lakini upande wa pili wanasema makochi mapya na paka havikai nyumba moja. Nifanyeje?

Jibu letu ni kwamba mara nyingi shida haiko kwa paka, iko kwa kochi. Kabla hujamtoa mnyama, tazama unanunua kochi la namna gani.

Tuanze na dini, maana wengine hutumia dini kumfukuza paka. Katika Muwatta ya Imam Malik, na kwa Abu Daud na Tirmidhi, imo habari ya Kabsha binti Kaab bin Malik. Alikuwa mkamwana wa Abu Qatada. Siku moja alimtilia baba mkwe wake maji ya udhu, paka akaja kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo ili paka anywe vizuri. Kabsha akabaki kushangaa. Mzee akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Tazameni, wadogo zetu: somo hili limetufikia kutoka ndani ya nyumba, kati ya mkwe na mke wa mwanawe.

Basi paka si najisi. Lakini mkojo wake ni najisi, na choo chake na matapishi yake vilevile. Na nyumba zetu nyingi ni za sebule moja. Hapo hapo tunapokea wageni, tunalaza mtoto, tunatandika mswala. Kwa hiyo mwanamke Muislamu mwenye paka, akifika dukani, asianze kuuliza rangi. Aulize: hili kochi likinajisika, nitalitoharishaje?

Makochi yaliyopigiliwa kitambaa juu ya sponji, yale makubwa yanayojaza chumba, hayana jibu zuri. Mkojo unazama ndani, wewe unafuta juu. Ukimwagia maji, yanabaki ndani ya sponji, na kwa unyevu wa pwani yetu baada ya siku chache unasikia harufu ya uvundo. Tena paka hukwaruza si kwa ukorofi. Anavua ganda la nje la ukucha, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake kwa nyayo, kama mtu anayeandika jina mlangoni. Leza ikishatobolewa kwa kucha haishonwi ikapendeza.

Hapa ndipo tunapolipendekeza kochi la mbao la mtindo wa zamani wa Denmark. Mwaka 1942 muungano wa vyama vya ushirika wa nchi hiyo, uliokuwa ukiitwa FDB, ulimpa fundi na msanifu Børge Mogensen kazi ya kuongoza ofisi yake ya samani. Nia ilikuwa samani imara na nzuri ambazo familia ya kawaida, yenye nyumba ndogo, ingeweza kuzimudu. Mwaka 1945 Mogensen alichora kochi lenye mgongo wa fito za mbao na mito inayowekwa na kutolewa. Ukilitazama utaona kuna vitu viwili tu: mbao, na mito. Mbao unaifuta, mito unaivua ukaifua.

Wala si jambo geni kwetu. Baraza za nyumba zetu za Mji Mkongwe ni hivyo hivyo: jiwe halisogei, juu yake mkeka na mito inayoanikwa juani. Kitanda cha kamba cha bibi zetu nacho kilikuwa fremu na godoro la kuinua. Bibi zetu walikaa na paka miaka yote na hatukusikia habari ya kochi kuharibika.

Makochi yenyewe ya Denmark hupatikana kwa bahati, kwa mfano wageni wanapohama Dar es Salaam na kuuza vyombo vyao. Ukiliona, lipindue. Tafuta vitundu vidogo vyenye unga mpya, hiyo ni dalili ya dumuzi. Litikise uone kama maungio yanacheza. Angalia chini ya mito: mengi yana mikanda ya mpira, na mpira ukizeeka kwenye joto letu hukauka ukakatika. Hilo lisikutishe, fundi ataweka fito za mbao badala yake. Kisha likalie. Magoti yako na ya mama mkwe yasipande juu kuliko nyonga. Kimo cha sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni, mto ukiwa umeshabonyea, humfaa mtu mzima kuinuka bila kuvutwa mkono.

Usipolipata, mpelekee seremala picha. Mafundi wa Denmark baada ya vita walipenda sana mtiki kutoka Asia, na mti huo huo leo unalimwa kwetu, katika mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro. Mninga na mkongo pia ni mbao za kujivunia. Paina ni rahisi, ila ni laini, kucha zitaacha alama na wadudu huipenda. Mwambie fundi asipake vanishi nzito inayong'aa. Mafuta ya mbao ni bora, kwani mchubuko unapigwa msasa mahali pale pale na kupakwa tena.

Sasa mito, ambayo ndiyo kazi yetu. Sponji iwe ngumu, unene wa sentimita 10 hadi 12. Ivishwe kwanza mfuko wa ndani usiopitisha maji, kama ule wa godoro la mtoto, halafu mfuko wa juu wenye zipu ndefu upande wa nyuma. Shona seti mbili, moja ikiwa kambani nyingine iko kitini. Chagua kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kama jinsi au turubai laini. Kitambaa chenye vinyuzi vilivyojikunja ni mwaliko kwa kucha. Kama ni pamba, kifue kabla ya kukikata, maana kitarudi na mfuko utakataa kuingia.

Na paka mpe chake. Gogo lililosimama imara, kimo cha kama sentimita 80 ili ajinyooshe, lizungushie kamba ya katani. Zao hilo lililetwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kamba yake mpaka leo haitushindi bei. Liweke karibu na kochi, si uani, kwa sababu anapenda kukwaruza pale familia inapokaa.

Ikitokea amekojoa, vua mfuko upesi, kausha kwa kitambaa, kisha pitisha maji mpaka rangi na harufu viondoke. Baadaye sabuni na jua. Usimwage jiki juu ya mkojo, mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Wadogo zetu, tunalisema hili kwa sababu tunajua yanayotokea baada ya fungate. Paka aliyelelewa ndani anabebwa kwenye mfuko, anaachwa soko la samaki, watu wanasema atajitafutia. Hajui kujitafutia. Na sote tumesoma habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ale. Kumtupa asiyejua kuishi nje nako tukuogope.

Wala usiingie nyumba mpya kwa ugomvi wa paka. Mkaribishe mama mkwe akae, mvulie mto mmoja mbele yake, mwonyeshe zipu, mwonyeshe mfuko wa ndani, mwambie mama, hivi ninavifua kila wiki. Anayejali usafi ataelewa usafi.

Allah awape nyumba zenye utulivu, waume wapole, na viti ambavyo kila anayewazunguka atapata pa kukaa. Amin.