Daftari la mama kabla ya kumwona wakili

Jioni ile mtoto hakuitika. Mama yake, mkulima wa alizeti katika Kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, alimwita mara tatu kutoka jikoni, akadhani ni utundu wa kawaida wa mtoto wa darasa la tano. Alipomsogelea ndipo alipoona amejishika sikio la kushoto, na kola ya shati lake la shule ina doa dogo la damu.

Alikuwa amepigwa kofi na mwalimu kwa kuchelewa namba. Alinyamaza njia nzima, maana alijua akisema nyumbani swali la kwanza litakuwa, "Ulifanya nini?"

Usiku ule familia ilikaa. Bibi alisema mwalimu naye ni mzazi, yaishe. Baba mdogo alitaka kwenda kumtafuta mwalimu usiku uleule. Mama aliwasikiliza wote, kisha hakumfuata yeyote. Asubuhi alimpeleka mtoto polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, akapewa fomu ya PF3, wakaenda hospitali.

Daktari aliangalia sikio kwa tochi yake akasema ngoma imetoboka. Alimtuliza mama kwamba tundu dogo la namna hiyo mara nyingi hujiziba lenyewe ndani ya wiki kadhaa, mradi maji yasiingie sikioni na mtoto asipenge kamasi kwa nguvu. Aliwataka warudi ili usikivu upimwe tena.

Hiyo ni habari njema kwa mtoto, lakini ina upande wa pili ambao wazazi wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Mwili unapopona, ushahidi nao unapotea. Uvimbe hushuka, alama za fimbo hufifia na ngoma ya sikio hujiziba. Kinachobaki miezi sita baadaye ni kile kilichoandikwa siku ile: PF3 iliyojazwa na daktari, cheti cha hospitali, risiti ya dawa na picha yenye tarehe. Mtoto akiwa na hali mbaya, aende hospitali kwanza, na fomu ifuatiliwe na ndugu mwingine. Lakini isiachwe.

Siku mbili baadaye wageni walifika nyumbani. Walikuja na pole, na fedha ya dawa, na karatasi moja. Ilisema familia imesamehe na haitadai chochote. Mama aliomba abaki na nakala ili aisome kwa utulivu. Wakasema haina haja, asaini tu. Kwa kuwa haikuwa na haja ya kusomwa, aliona haikuwa na haja ya kusainiwa pia. Aliwashukuru, akawasindikiza.

Jirani yake mmoja ndiye aliyemwelekeza kwa msaidizi wa kisheria, mama wa makamo anayewasaidia watu mtaani bila malipo. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanaweza kumweleza mtu haki zake, kumsaidia kuandika barua na kumwelekeza panapohusika. Kumsimamia mahakamani hawawezi. Hiyo ni kazi ya wakili. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafanya wengi walijue jambo hili, lakini wapo bado wanaoamini kwamba wakili ni wa matajiri.

"Mama, usiende kwa wakili na kilio peke yake," yule msaidizi alimwambia. "Nenda na daftari."

Pia alimuonya kuhusu vishoka. Kweli, siku aliyokwenda mjini, kijana mmoja aliyevaa tai alimfuata karibu na mahakama akimwambia kwa elfu hamsini atamfungulia jalada sasa hivi. Mama akamuuliza namba yake ya uwakili. Kijana akakumbuka ana mtu anamsubiri. Wakili wa kweli yumo kwenye orodha ya mawakili, ana leseni anayoihuisha kila mwaka, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama au kuulizwa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Kumuuliza si kumkosea heshima.

Daftari lile la kurasa arobaini mama alilijaza kwa usiku tatu. Ukurasa wa kwanza aliandika tukio kwa mpangilio wa tarehe na saa: nani alifanya nini, wapi, nani aliona. Aliandika alichokiona yeye, na akatenga alichoambiwa na wengine. Maneno ya mtoto aliyaandika kama mtoto alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Ukurasa wa pili ulikuwa na majina ya mashahidi na namba zao. Wa tatu, orodha ya karatasi alizonazo, na wa nne gharama: nauli za bodaboda, dawa, siku alizokosa shambani. Wa mwisho uliandikwa maswali ya kumuuliza wakili. Karatasi zenyewe alizitoa nakala, halisi akazifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Kuna jambo moja aliliandika kisha akalikata kwa kalamu.

Wakili waliyempata kupitia shirika la msaada wa kisheria alikuwa binti wa umri wa mdogo wake. Alimsalimia "Shikamoo mama," akampa kiti, akamwambia mambo mawili kabla ya kufungua faili. La kwanza, atakayoyasema ni siri kati ya mteja na wakili wake. La pili, amweleze na yale yasiyompendeza, kwa sababu upande wa pili utayasema tu, na ni afadhali yeye ayasikie leo kuliko kuyasikia mahakamani.

Mama alinyamaza. Kisha akafunua ule mstari alioukata.

Mwezi Januari, siku ya kufungua shule, alimpeleka mwanawe mwenyewe kwa mwalimu huyohuyo. Alisema maneno ambayo wazazi wengi tumeyasikia au kuyasema: "Mwalimu, huyu ni wako. Mchape, akinyooka nitakushukuru." Tangu usiku wa tukio, sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi kuliko damu kwenye kola. Alihofu kwamba kofi lile lilikuwa na baraka zake.

Wakili hakumhukumu. Alimweleza kwamba mzazi hawezi kumpa mwalimu ruhusa ambayo sheria haimpi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka adhabu itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni, na iandikwe kwenye daftari la shule. Kofi halimo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili au inayopita kiasi kwa umri wa mtoto, na Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Mipaka hiyo haikuwekwa bure. Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika Manispaa ya Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na shauri lake likafika Mahakama Kuu.

Kisha wakili alimchorea njia zilizopo. Jinai ni ya polisi na Jamhuri. Mama ni mlalamikaji na shahidi, na halipii kesi hiyo. Njia ya pili ni malalamiko kwa mamlaka za elimu zinazosimamia nidhamu ya walimu, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ya tatu ni madai ya fidia, ambayo kwa madhara ya mwili yana ukomo wa miaka mitatu. Na kama shule ni ya Serikali, lazima itangulie notisi ya siku 90, nakala ikimfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ipo pia njia ya kufungua shauri la haki za msingi Mahakama Kuu, lakini sheria inataka njia nyingine zinazofaa zipitiwe kwanza. "Si kila jeraha ni la kupeleka huko," wakili alisema, "ila ni vizuri ujue mlango upo."

Mama alifungua ukurasa wake wa maswali. Nani hasa atashika faili? Atapata taarifa kwa njia gani, na kila baada ya muda gani? Gharama zipi zitamwangukia hata kama huduma ni bure? Kwa mteja anayelipa, swali la mwisho liwe pana zaidi: ada yote ni kiasi gani, inajumuisha nini, italipwa kwa awamu ngapi. Majibu yawe kwenye makubaliano ya maandishi na kila shilingi iwe na risiti. Wakili anayeahidi ushindi siku ya kwanza ni wa kuogopwa, huyu hakuahidi.

Naye alikuwa na swali lake moja. "Mama, unataka nini?"

Daftari zima halikuwa na jibu la swali hilo. Alifikiri kidogo. Fidia ya dawa, ndiyo. Mwalimu achukuliwe hatua, ndiyo. Lakini alichokitaka kwanza ni mwanawe arudi darasani bila kuogopa na bila kuadhibiwa kwa sababu mama yake alisema. Wakili aliandika hilo juu kabisa ya faili, na barua ya kwanza waliyoiandaa ilianza nalo.

Shauri halijaisha, na huenda likachukua muda. Wiki kadhaa baadaye mtoto alirudi hospitali. Siku hiyo jioni mama alisimama upande wake wa kushoto, akamwita kwa sauti ya chini. Mtoto akageuka. Mama akaingiza tarehe kwenye daftari.

Jumatatu iliyofuata alimsindikiza shuleni. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, akasalimia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, yale maneno niliyoyasema Januari nimekuja kuyafuta." Akaomba yaandikwe, yapigwe muhuri, na apewe nakala.