Baada ya kisu cha mganga, jamaa ifanye nini?

Kwetu Kivu mtu akinenepa husifiwa. Watu husema, "Maisha yamemkubali." Mtu akikonda, huulizana kwa sauti ya chini, "Ana ugonjwa gani?" Nasi tulilelewa katika mawazo hayo. Lakini leo tunataka kusema habari za mtu aliyekonda kwa kusudi, ambaye mganga alimpunguza tumbo kwa kisu ili apate kuishi. Mtu huyo si mgeni. Ni mmoja wetu sisi wawili tunaoandika maneno haya, mume na mke, wazaliwa wa Bukavu, wakaaji wa Liège katika Ubelgiji. Mke ndiye aliyepasuliwa, mwaka wa 2018. Hata hivyo twasema "sisi", kwani kisu kilimgusa mmoja, lakini kazi iliyofuata ilikuwa ya wawili, tena ya jamaa nzima.

Kwanza tueleze sababu. Siku zile mke alikuwa na kilo 127, na urefu wa metre moja na sentimetre 62. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na presha ya damu. Kupanda ngazi za nyumba yetu kulimwishia pumzi. Wengi walidhani kwamba ni ulafi, au ni uvivu. Sivyo. Mwili wa mtu hujilinda: ukinyimwa chakula, njaa yaongezeka, na mwili wenyewe hubana matumizi yake. Mara nyingi alijinyima, akapungua kilo 10, kisha zikarudi 12. Nani aweza kushindana na mwili wake mwenyewe miaka yote bila msaada?

Waganga wana kipimo chao. Huchukua kilo za mtu, huzigawanya kwa urefu wake wa metre, kisha huzigawanya tena kwa urefu ule ule. Kipimo chema ni kati ya 18 na nusu na 25. Cha mke kilipita 48. Tangu mwaka wa 1991 waganga wengi walifuata kanuni hii: upasuaji wafaa kwa mtu aliyefika 40, au 35 akiwa na ugonjwa mwingine kama ule wa sukari. Mwaka wa 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji vilitangaza kwamba 35 yatosha, hata pasipo ugonjwa mwingine.

Wala upasuaji huo si jambo la jana. Mwaka wa 1966 mganga Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa katika Marekani, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, alianza kumpatia mgonjwa njia mpya ya chakula, ipitayo kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Hapa Ubelgiji, katika mji wa Huy usio mbali nasi, mwaka wa 1993 mpasuaji Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, alikuwa wa kwanza kumfunga mgonjwa tumboni pete iwezayo kukazwa na kulegezwa, akipitisha vyombo vyake katika matundu madogo tu. Tulifurahi kujua kwamba Mwafrika alitangulia katika kazi hiyo. Siku hizi pete haitumiki sana. Mara nyingi waganga huondoa sehemu kubwa ya tumbo, robo tatu au zaidi, likabaki kama mrija. Ama hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kisichozidi yai la kuku, wakakiunganisha na utumbo. Mke alifanyiwa namna hii ya pili.

Sasa tusikilizane vizuri. Kisu kilipunguza tumbo. Hakikupunguza karamu, wala wageni, wala huzuni, wala desturi ya kuonyeshana upendo kwa sahani iliyojaa. Mambo hayo yote yalimngojea mke nyumbani siku aliyotoka hospitali. Ndiyo sababu twasema kwamba mganga hufanya kazi ya saa chache, na jamaa hufanya kazi ya miaka.

Kazi hiyo ni ipi? Yaanza jikoni. Majuma ya kwanza alikunywa vitu vya majimaji tu. Baadaye akala vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya miezi miwili hivi akarudia vyakula vya kutafunwa. Tangu hapo sheria ni chache, lakini hazina likizo. Aanze kwa chakula cha kujenga mwili: samaki, yai, kuku, maharagi yaliyoiva sana. Huhitaji gramu 60 au zaidi za protini kila siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha gramu 100 cha samaki aliyepikwa kina gramu 20 hivi. Kwa hiyo twapika sambaza wetu wa ziwa Kivu kila tunapowapata, na sombe huwekwa kidogo kando. Bugali haikufukuzwa nyumbani, lakini huja mwisho, tonge moja au mawili, kwani hushikamana na kukwama katika njia ile nyembamba. Atafune polepole, mlo mmoja uchukue nusu saa. Asinywe maji pamoja na chakula. Angoje nusu saa, kisha anywe kwa funda ndogo ndogo mpaka apate litre moja na nusu kwa siku.

Vitu vitamu navyo vina hatari yao. Sukari nyingi ikianguka ghafula katika utumbo, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, kichwa huzunguka, na mtu hutaka kulala chini. Mgeni aonaye hayo aweza kudhani kwamba mtu amelishwa sumu. Pombe pia huingia katika damu upesi kuliko zamani. Waganga wa Marekani walionyesha mwaka wa 2012 kwamba watu kadhaa waliopasuliwa hivyo walianza kusumbuliwa na ulevi, hasa katika mwaka wa pili. Basi, msimsukumie mtu huyo kikombe cha kasiksi kwa kusema, "Kidogo tu, usituaibishe."

Kisha kuna vidonge. Kwa kuwa chakula hupita njia ya mkato, mwili haupati tena vitamini na madini yote. Sharti ameze vitamini B12, vitamini D, kalsiamu na madini ya chuma siku zote za maisha yake, na chuma kisimezwe saa moja na kalsiamu. Kila mwaka damu hupimwa. Mtu akiacha vidonge haoni neno mwezi wa kwanza, wala wa pili. Lakini baadaye damu yapungua, mifupa yadhoofika, miguu yafa ganzi. Kwetu, mtoto wetu wa tatu ndiye mlinzi wa vidonge. Kila asubuhi huuliza, "Mama, umemeza?" Hatukumpa kazi hiyo kama mchezo. Alikuwa na miaka tisa, naye aliogopa kumpoteza mama yake. Tulipompa kazi, hofu yake ilipungua.

Nasi wengine tulifanya nini? Tuliweka sahani kubwa juu ya kabati, tukanunua ndogo kwa watu wote. Si haki mmoja ale kwa sahani ya mtoto huku wengine wakila kwa sinia mbele yake. Tuliacha kuleta soda nyumbani. Jioni tulitembea pamoja kando ya mto Meuse, kwanza dakika 10, kisha 20, kisha saa nzima. Baada ya miezi kumi na minane mke alikuwa na kilo 82. Ugonjwa wa sukari ulitulia, dawa za presha zikapunguzwa, na ngazi hazikumshinda tena.

Mwaka wa 2021 tulirudi Bukavu kwa arusi. Huko tuliona kwamba jaribu kubwa si njaa, bali ni maneno ya watu. Wengine walimtazama mke, wakanyamaza. Wengine walimwuliza mume pembeni, "Huko Ulaya mmekosa posho?" Wengine walitaja magonjwa yasiyotajwa hadharani. Mama mkubwa wa mke alikuwa ameamka alfajiri kumpikia kuku, bugali na makemba. Alipoona sahani inarudi karibu kama ilivyokwenda, machozi yalimlengalenga. Akasema, "Mwanangu, mkono wangu umekuwa mchungu?"

Hapo mume alisimama, akaenda kuketi karibu naye, akamwambia kwa heshima, "Mama, mkono wako ni ule ule uliomlea. Tumbo lake ndilo lililokuwa kama la mtoto mchanga. Mganga alilipunguza ili sukari isimwue. Ukimpa vijiko vitano vya kuku wako, umemshibisha." Mzee alifikiri kitambo. Kisha akaondoa sahani, akaleta kibakuli cha mchuzi na nyama iliyochambuliwa kwa vidole vyake mwenyewe, akaketi kumtazama akila polepole. Siku zile zote tulizokaa, yeye ndiye aliyewafukuza wachongezi. Aliwaambia, "Mwacheni mtoto wangu, mimi najua chakula chake." Twawaambia kweli, neno hilo lilisaidia kama dawa. Mgonjwa akijitetea peke yake huchoka. Akitetewa na mzee wa jamaa, watu hunyamaza.

Tusifiche mambo ya ndani. Mwaka wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Mwanzoni kilo zilianguka zenyewe, na kila mtu alipongeza. Kisha zilisimama. Nywele zilizopungua miezi ya kwanza zilikuwa zimerudi, lakini ngozi ilining'inia mikononi na tumboni. Mke alijitazama katika kioo asimtambue mtu aliyemwona. Zamani, akiwa na huzuni, chakula kilimtuliza. Sasa mlango huo ulifungwa, na huzuni ilibaki bila pa kwenda. Mume naye aliona watu wakimtazama mke wake njiani, akawa na wivu asioweza kuusema. Nyumba ikawa kimya. Baadaye tulijifunza kwamba hatukuwa peke yetu. Watafiti wa Uswidi walionyesha mwaka wa 2018 kwamba, baada ya upasuaji huo, ndoa huvunjika mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Na wasio na wenzi nao hupata wenzi mara nyingi zaidi. Mwili ukibadilika, mapatano ya nyumba sharti yatazamwe upya. Bora kuyazungumza kuliko kuyaacha yaoze.

Mambo mawili yalituponya. La kwanza ni mwanasaikolojia wa hospitali, aliyetuita wote wawili, si mke peke yake. La pili ni kikundi cha waliopasuliwa, wakutanao jioni moja kila mwezi. Tulikuta humo bibi mzee Mbelgiji, dereva Mmoroko, mwalimu kijana, na mama mmoja wa Kinshasa. Hapakuwa na mtu wa kushangaa wala wa kucheka. Mmoja aliuliza, "Mwafanyaje kwenye karamu?" Mwingine akajibu, "Natia chakula kidogo katika sahani, naishika mkononi mpaka mwisho, na hakuna anayenisukumia nyingine." Bibi mzee alisema kwamba alirudisha kilo 7 katika mwaka wa tano, akaona haya, akaacha kuja, kisha wenzake wakamfuata mpaka mlangoni kwake. Jioni ile mke alisema maneno ambayo hakuwa ameyasema nyumbani kwa miezi. Mume alisikiliza. Njiani tuliongea mpaka tukapitwa na basi.

Leo mke ana kilo 86. Nne zimerudi, nasi hatuzifanyi msiba, kwani kwa wengi kilo kadhaa hurudi baada ya mwaka wa pili. La maana ni kutokujificha: kwenda kwa mganga, kupimwa, na kuanza tena.

Basi, wapenzi, kama katika jamaa yenu yupo anayefikiri habari ya upasuaji huo, yafaa mjue haya. Wengine husafiri mbali, Uturuki au Uhindi, wakapasuliwa, wakarudi baada ya siku chache. Kabla ya kulipa nauli ulizeni: Ni mganga gani wa mji wetu atakayemfuata? Vidonge tutavipata wapi, na kwa fedha gani, miaka yote? Damu itapimwa wapi? Pasipo majibu, ngojeni kwanza. Mwanamke kijana ajue kwamba waganga humtaka asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Aliyepasuliwa asimeze aspirini wala ibuprofeni bila kumwuliza mganga, kwani zaweza kumtia kidonda tumboni. Akitapika siku nyingi, apelekwe hospitali upesi, kwani upungufu wa vitamini B1 huharibu mishipa ya fahamu na ubongo.

Na ninyi vijana wanafunzi, msimcheke mwenzenu mnene, wala msimpe majina. Hamjui vita apiganavyo na mwili wake.

Mwisho, aliyepasuliwa akija kwenu kama mgeni, msimwulize mbele ya watu amepungua kilo ngapi. Mpeni kibakuli kidogo, mketi naye, mwongee polepole mpaka amalize. Akisema ameshiba, mwaminini.