Siku Moja Mjini Dar es Salaam

Sisi watu wa Mbulu na Hanang mara nyingi huenda Dar es Salaam kwa shida. Ni ugonjwa, ni kesi, au ni msiba. Ukimaliza shida yako, usikimbilie basi. Jitengee siku moja utembee.

Mimi na mke wangu tulikwenda kumwona mjukuu. Binti yetu alitaka tukae ndani, maana aliogopa tutapotea. Nikamwambia, "Mwanangu, tunajua kusoma." Tulipanda mwendokasi pale Kimara. Basi limeandikwa KIVUKONI. Tulishuka kituo cha Posta ya Zamani, tukaenda kwa miguu.

Nenda kwanza kwenye Sanamu ya Askari. Imesimama katikati ya barabara. Askari huyo wa shaba ameshika bunduki, na singe yake imeelekea bandarini. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927. Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, na wa wapagazi waliobeba mizigo. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Baba yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo. Hakurudi, na nyumbani hana kaburi.

Chini ya sanamu pana maandishi ya Kiswahili. Niliyasoma polepole, kwa sauti. Wapagazi wametajwa.

"Jina lake liko wapi?" mke wangu akauliza.

Halipo. La mpagazi yeyote halipo. Tulisimama pale kitambo, magari yakituzunguka. Kisha mke wangu akatoa daftari na kalamu, akaliandika jina la mzee, na chini yake akaandika tarehe ya siku ile.

Ukifuata Barabara ya Samora utafika Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribu mimea ya biashara. Kuna vivuli vizuri. Sisi tulikula viazi vyetu pale, tukapumzika. Mkulima hachoki kutazama miti!

Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa. Humo utasoma habari za fuvu la mtu wa kale sana lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Olduvai si mbali na kwetu, iko upande wa Ngorongoro. Mimi nilikwenda mpaka Dar es Salaam ndipo nikapata habari zake vizuri.

Mwisho tuliteremka Kivukoni, penye bahari. Soko la samaki liko karibu, Magogoni. Samaki huuzwa kwa mnada, kelele zake kama za mnada wa ng'ombe kwetu. Tulinunua samaki wa kukaanga, tukakaa kutazama pantoni likivusha watu kwenda Kigamboni.

Mke wangu alichovya kidole majini, akaonja. "Chumvi kama Balangida," akasema. Lakini Ziwa Balangida halitembei. Bahari hupwa na kujaa, mara mbili kila siku. Tulipofika, maji yalikuwa mbali na mawe. Tulipoinuka, yalikuwa yamefika miguuni petu. Jua lilikuwa linashuka, basi tukaenda kituoni kutafuta gari lililoandikwa KIMARA.